Aliyefika Kabla ya Ndege

Usiniambie nilikuwa ndotoni. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la Kisaju linapasua kichwa, nami nageuza nyama ya mbuzi jikoni. Nasimulia kama ilivyokuwa, na asiyeamini aje kwetu saa hiyohiyo ajionee.

Kaka yangu Saruni alikuwa amefanya kazi ya ulinzi Doha miaka mingi. Macho ya mama yalibaki yanaona vivuli tu, na moyo wake ulikuwa umechoka, daktari wa Kajiado alishatuambia tujiandae. Alitaka kitu kimoja: Saruni ainamishe kichwa, yeye aweke mkono juu yake ambariki, kama mama wa Kimaasai anavyompokea mtoto. Baada ya hapo, alisema, hata kesho afe.

Siku hiyo ndege ya kumleta likizo iliondoka Doha saa sita adhuhuri. Kutoka huko hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita elfu tatu, saa tano na kitu angani, halafu msongamano wa magari wa Mlolongo na Kitengela kabla ya kufika kwetu. Mchana asingeweza kufika. Nilikuwa nikiifuata ndege kwenye simu, na ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Ethiopia Saruni aliposukuma geti.

Uso wake, sauti yake, hata kovu la nyusi. Begi hana. Viatu vinang'aa, na niambie, nani hutembea Kisaju bila vumbi?

"Yeyo, takwenya," akamsalimu mama kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitikia huku analia. Nikamshika mkono nikamwambia huyu siye, Saruni bado yuko angani, simu inaonyesha.

"Nyamaza," mama akasema. "Kwani simu ndiyo ilimzaa?"

Akanisukuma. Akaweka kiganja juu ya kile kichwa kilichoinama mbele yake, akakipa kila alichokuwa ameweka moyoni miaka yote: ng'ombe, watoto, uzee mwema. Yule mtu alipoinuka alinitazama, akatabasamu tabasamu ambalo kaka yangu hana.

"Sasa huyo wenu mwingine mtampa nini?" akauliza, akatoka kuelekea barabara ya Namanga. Nilifunga geti, sitakudanganya, sikumfuata.

Saruni alifika giza limeingia, masanduku mawili, vumbi hadi magotini. Akapiga magoti mbele ya mama, akainamisha kichwa. Mkono haukuinuka.

"Mtoeni huyu," mama akasema. "Mtoto wangu alishakuja."

Saruni alimwita kwa kila jina la utotoni. Mama akajifunika shuka usoni. Likizo nzima aliinamisha kichwa kila asubuhi, mtu mzima mwenye ndevu, na kila asubuhi alifukuzwa kama mwizi. Alirudi Doha na siku hizi hapigi simu. Simlaumu.

Mama hakufa. Amenenepa, daktari anashangaa. Kila saa tisa anakaa karibu na geti, na mimi naona barabara tupu, lakini yeye anaitikia, "Iko," na kucheka.

Wewe uliye na mtu ng'ambo, hesabu saa za ndege yake kabla ya kufungua geti. Akifika mapema, mwache nje, hata kama analia kwa sauti ya mtoto wako.