Anthime na Asubuhi ya Barafu

Nilikuwa nabadilisha vitambaa vya altare Basile alipoingia kanisani na kofia kichwani. Basile ndiye mwenye mkokoteni wa farasi hapa kijijini. Kanisani tunamwona Pasaka tu, lakini hata Pasaka huvua kofia yake mlangoni.

"Basile, kofia," nikamwambia.

Akaivua, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akabaki palepale. Hakunitania, na Basile hutania watu hata kwenye foleni ya maungamo.

"Dada Zélie, toka nje kidogo."

"Ni Anthime?"

"Ndiye. Nimemkuta ukingoni mwa mto, pale penye miti ya mierebi. Nilidhani amepiga magoti anatafuta brashi kwenye theluji." Akaigeuza kofia kifuani. "Alikuwa ameshapoa, dada."

Nilifanya ishara ya msalaba. Kitambaa kilichokuwa mkononi nilikikunja vizuri, maana cha altare hakitupwi sakafuni, kisha nikatoka. Kaka yangu alikuwa amelazwa kwenye mkokoteni juu ya nyasi kavu, amefunikwa koti la Basile. Na pale mbele, kwenye kiti cha Basile mwenyewe, palikuwa na picha, imeegemezwa wima kama abiria.

"Rangi bado mbichi," Basile akasema. "Sikujua niiweke vipi isiharibike. Basi nikaikalisha yenyewe, mimi nikatembea."

Kutoka mtoni hadi kanisani ni mlima, na siku ile theluji ilifika magotini. Basile ana mguu mbaya. Mungu amkumbuke kwa mwendo ule.

Kaka yangu aliitwa Anthime Lecouvreur. Kazi iliyomlisha ilikuwa kupaka rangi mbao za madirisha na kuandika majina juu ya maduka. Nusu ya madirisha ya kijiji chetu, Saint-Aubert, yana kijani chake, na jogoo mwekundu aliye juu ya mlango wa hoteli ni wake pia. Alikuwa fundi safi, mstari wake umenyooka, rangi yake haichuruziki. Mke wake alipofariki akahamia kwangu, nami nilikuwa mjane tayari, tukaishi kama tulivyoishi utotoni, tukigombana juu ya nani amemaliza siagi.

Reli ilipofika huku Normandi, ilianza kutuletea wachoraji kutoka Paris kila kiangazi. Walivaa kofia za nyasi na kubeba miavuli mikubwa, wakikaa mashambani kutwa nzima wakitazama vitu ambavyo sisi tulivipita kila siku. Mmoja wao, Bwana Valcourt, alimwomba Anthime amshikie mwavuli siku ya upepo. Anthime akaushika hadi jua likazama. Aliporudi nyumbani hakutaka supu.

"Zélie," akaniambia, "kivuli cha lundo la nyasi kina rangi gani?"

"Cheusi."

"Nenda kesho ukatazame."

Nilikwenda, kwa kumkomesha tu. Kilikuwa cha zambarau. Pembeni, kilipogusana na mabua, kulikuwa na bluu, na nilisimama pale na kikapu changu cha mayai nikajiuliza miaka yote ile nilikuwa naangalia nini.

Tangu hapo Anthime aliandika majina ya maduka kwa rangi nyeusi, lakini kwenye sanduku la rangi za picha zake, nyeusi haikuingia. Alichora nje, kwenye jua au mvua. Hakuanza kwa kupanga mistari nyumbani. Alifika, akaegemeza turubai lake la kuchorea kwenye kiegemeo cha mti chenye miguu mitatu, akapiga rangi harakaharaka, madoa na michirizi, nzito kama siagi kwenye mkate. Ukiikaribia picha huoni kitu ila vurugu. Ukirudi nyuma hadi ugonge kabati, ghafla maji yanakwenda, nguo zinapepea kambani, na unajua kabisa ni saa ngapi ya siku. Alikuwa na turubai kadhaa kwa mahali pamoja. Jua likisogea alishusha moja na kupandisha nyingine, na ile ya kwanza iliisubiri kesho, saa ileile, hali ileile ya hewa.

Watu walimcheka, bila shaka. Basile aliikuta hotelini picha ya mkokoteni wake unashuka mlimani, akaizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Anthime, farasi wangu ana miguu minne. Hapa umempa moshi."

"Alikuwa anakimbia."

"Hata akikimbia ana miguu minne."

"Siku ile anakimbia, Basile, wewe uliiona yote minne? Ulikuwa umefumba macho, unamwita Bikira Maria."

Kijiji kizima kililijua lile tukio la farasi kumshinda Basile mlimani, na hoteli nzima ikaangua kicheko. Basile alikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha pombe ya matufaha. Kikombe cha pili alikinunua yeye.

Lakini kitu kimoja kilimshinda kaka yangu, nacho kilikuwa barafu ya mto Seine. Mto wetu haugandi kila mwaka. Ukiganda, kuna asubuhi moja tu ambapo barafu inavunjika: unasikia mlio kama mbao kubwa zinazopasuka, kisha mapande meupe yanaanza kutembea, yanapandana, yanageuka, na jua la chini la majira ya baridi linapita katikati yake. Mchana ukifika yote yameshakwenda baharini. Pale hakuna kesho saa ileile. Mwaka mmoja ilivunjika yeye yuko kitandani na homa. Mwaka mwingine ilivunjika gizani, akaamka akakuta maji matupu, akakaa ukingoni hadi nikamfuata. Kisha zikaja baridi za mvua tu, mto haukuganda kabisa, na moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari alimkataza kutoka nje kwenye baridi kali. Anthime alimshukuru vizuri sana, kama mtu anavyomshukuru anayemwonyesha njia asiyoiendea.

Majira haya ya baridi mto uliganda hadi watoto wakacheza juu yake. Asubuhi ile nilimkuta jikoni ameshavaa, anajifunga kitambaa shingoni.

"Umesikia?" akauliza.

Nilikuwa nimesikia ule mlio. "Daktari alisema nini?"

"Alisema nisiende kwenye baridi. Hakusema lolote juu ya barafu."

"Anthime."

"Dada, nikiikosa hii, sina nyingine. Wewe unajua."

Nilijua. Nilimmiminia kahawa, nikaweka tone la pombe kali ndani yake, nikamfunga kitambaa upya kwa sababu wanaume hawajui kufunga kitambaa. Nikamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kama mama alivyokuwa akitufanyia. Akacheka.

"Unanipeleka vitani?"

"Nakupeleka mtoni. Rudi kabla supu haijapoa."

Sasa alikuwa amerudi kwa mkokoteni wa Basile. Tulimlaza kitandani kwake, na picha tukaiegemeza ukutani chumbani mwake, juu ya kabati dogo la nguo. Mimi nikaenda kwa Padri Aubin kupanga Misa. Sikuwa nimeitazama ile picha. Niliogopa kwamba hakuwahi, kwamba alianguka katikati, na yote yale yakawa bure.

Binamu yetu Hortense ndiye anayesimamia nyumba za msiba hapa kwetu. Anajua kila kinachotakiwa na mila zetu za msiba, na anakifanya kabla hujamwomba. Niliporudi alikuwa amefunga mbao za madirisha, amesimamisha saa ya ukutani, amemwaga maji ya ndoo, na mizinga ya nyuki bustanini ameifunga utepe mweusi na kuwaambia nyuki kwamba mwenyewe amefariki. Vioo vyote alikuwa amevifunika kwa shuka, roho isije ikanasa humo.

Chumbani kwa Anthime mlikuwa na mshumaa mmoja. Juu ya kabati niliona shuka, shuka la kitani kutoka kwenye sanduku la marehemu mama, limekazwa pande zote na kuchomekwa nyuma.

"Hortense," nikasema polepole. "Hicho si kioo."

"Si kioo ni nini?"

"Ni picha. Rangi yake haijakauka."

Alikuwa na rozari mkononi. Aliishusha. "Nimeingia kufunga dirisha, nikaona mwanga unanirukia usoni kutoka ukutani. Mwanga wa maji, Zélie, unacheza. Nikasema hapa pana kioo sikukiona, nikafunika upesi."

Basile alikuwa amesimama mlangoni. "Hortense," akasema, "miaka yote tumemtukana mtu huyu, na wewe ndiye uliyemsifu kuliko sote."

Hortense akaanza kulia. Tulikubaliana tusiliguse shuka hadi aje mtu anayezijua rangi. Basile alikwenda stesheni kumpelekea Bwana Valcourt simu ya maandishi, naye akaja kesho yake kwa treni ya asubuhi, mzee sasa, ndevu nyeupe, viatu vyake vya mjini vimelowa. Alisali kwanza kando ya kitanda, jambo lililompandisha machoni pa Hortense. Kisha akaomba tufungue dirisha.

"Kwenye nyumba ya msiba?" Hortense akanong'ona.

"Ubao mmoja tu," nikasema, nikaufungua mwenyewe. Ulikuwa na kijani cha Anthime, na bawaba zake hazikulia kwa sababu alikuwa akizipaka mafuta.

Bwana Valcourt alilibandua shuka kuanzia pembeni, taratibu, kama mtu anayebandua bendeji kwenye kidonda cha mtoto. Lilitoa sauti ndogo ya kunata. Alipomaliza alirudi nyuma hadi akagonga kitanda, nami nikarudi naye.

Aliwahi. Kaka yangu aliwahi, Mungu asifiwe. Mapande ya barafu yalikuwa yanashuka mtoni, mengine yameinuka ubavu, na jua la waridi na manjano lilikuwa limeingia kwenye kila ufa. Mierebi ya ng'ambo ilikuwa michirizi tu, mvuke unaipita. Pembeni kabisa aliweka doa moja la bluu, na nilijua ni kunguru anayeruka, ingawa hakuwa na bawa wala mdomo. Niliisikia baridi ya asubuhi ile. Nilisikia hata ule mlio.

Lakini katikati, pale jua lilipopiga barafu kubwa kuliko zote, shuka lilikuwa limeng'oa rangi hadi nyuzi za turubai zikaonekana. Na kwingine matuta ya rangi nzito yalikuwa yamelazwa na shuka.

Bwana Valcourt aliisogelea picha, akaiinamia pale palipong'oka. "Ninazo rangi hotelini," akasema mwishowe. "Naweza kupaziba pale katikati. Mkono wake naufahamu. Hakuna atakayetambua."

Najua alisema kwa upendo. Nilimtazama Anthime, uso wake umetulia, na chini ya kucha bado kulikuwa na nyeupe na waridi ambayo hatukuweza kuitoa yote.

"Ahsante, bwana," nikamwambia. "Lakini wewe hukuwepo asubuhi ile."

Aliinamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Sikuwepo." Akanishika mkono, akarudi kuitazama picha, na hakuitaja tena habari ya kuziba.

Hortense alikuwa ameshalichukua shuka, analikunja. "Nitaliloweka kwenye maji ya majivu. Shuka la harusi ya mama yenu, haiwezekani likae hivi."

"Lifungue."

Alilifungua, tukalishika yeye upande huu na mimi upande ule, kama tunavyoshika nguo siku ya kufua. Rangi ilikuwa imehamia pale katikati, imegeuka kushoto kulia, hafifu, lakini ilikuwa ni jua lilelile juu ya barafu ileile. Nikamkumbuka Veronika mtakatifu na kitambaa chake kilichobaki na sura ya Yesu. Sikulisema, maana kaka yangu alikuwa mwenye dhambi kama sisi. Nilisema tu: "Tutamvisha hili liwe sanda yake."

"Chafu, Zélie?"

"Si uchafu huo."

"Watu watasema nini, maiti kuvishwa shuka lenye madoa?"

Padri Aubin alikuwa ameingia na maji ya baraka. Hortense akamgeukia kama mtu anayemwita askari. Padri alilitazama shuka, akaitazama picha, akalitazama shuka tena.

"Mvisheni," akasema.

Tulimvisha mimi na Hortense. Yeye ndiye aliyelikunjua ili ule mwanga uje kifuani, si miguuni, na aliulainisha kwa kiganja kana kwamba rangi ile ingeweza kuumia. Basile na mwenzake walifunga jeneza.

Tulimzika Ijumaa. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, wachimbaji walilazimika kuwasha moto juu yake siku iliyotangulia, na majivu yalikuwa bado pembeni mwa kaburi. Misa ilijaa. Basile alivua kofia tangu lango la makaburi. Padri Aubin alisoma sala, wanaume wakashusha jeneza kwa kamba, na kila mmoja wetu akachukua kijiti kibichi, akakichovya kwenye maji ya baraka, akanyunyiza. Mimi kwanza, kisha Hortense, kisha Bwana Valcourt, kisha kijiji. Tukasali Baba Yetu na Salamu Maria. Wachimbaji wakafukia. Tulipoteremka kutoka makaburini, mto ulikuwa unaonekana pale chini, maji ya kahawia yasiyo na barafu. Nyumbani Hortense aliiamsha tena saa ya ukutani, nami nikafungua mbao zote za madirisha, tukala supu.