Kisa cha Kifafa, Ukurasa wa Kwanza

Mhariri wa jarida dogo la homeopathia, tiba ya matone yaliyozimuliwa mno, hakuchapisha kisa cha mgonjwa aliyepona mpaka daktari wa hospitali aliyemtibu mgonjwa huyo naye aseme lake. Mhariri mwenyewe alikuwa tabibu wa homeopathia, na kanuni hiyo aliipenda kama wengine wapendavyo mpira. Barua ikija, vidole vyake vyenye madoa ya wino viliichana bahasha upesi, miguu ikichezacheza chini ya meza. Akimaliza kusoma husema kwa sauti yake nyembamba, "Haya, tumsikie na mwenzetu," na kuinua simu.

Siku kaka yake, tabibu aliyemfundisha kazi, alipomletea kisa cha binti aliyeacha kuanguka kifafa kwa matone aliyompa, mhariri alishindwa kukaa. Alikisoma akiizunguka meza, akicheka peke yake. Kisha, kaka yake akisikiliza, akampigia daktari wa binti huyo.

"Anameza vidonge vyangu tangu mwaka jana," daktari akasema. "Hajaviacha, nashukuru."

Mhariri akapiga meza kwa furaha, kama aliyeokota lulu. "Kaka, umesikia? Sasa kisa kimekamilika."

"Kimekamilika nini? Unanivua nguo mbele ya watu."

"Na mzazi mwingine akisoma, akamwachisha mwanawe vidonge, tutakwenda kuzika mimi na wewe?"

"Mdogo wangu, chagua: mimi au kanuni yako."

Mhariri alikichapisha kisa ukurasa wa kwanza, pamoja na maneno ya daktari, kwa herufi za ukubwa uleule. Tangu toleo hilo kaka yake hajakanyaga kwake, wala hapokei simu yake.