Mstari nilioruka nilipomsomea Roda mkataba wa kona ya saluni

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu wote. Wale mtakaonipa shikamoo nawaitikia marahaba kabisa, maana najua wengi wenu ni wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Simu ni ya mjukuu wangu. Yeye anachapa, mimi naongea, na nimemwambia asipunguze wala asiongeze. Haya ni ya kweli, na mengi yananiumbua mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Kilichonifanya niongee ni hiki.

Juzi mjukuu huyuhuyu kaja na karatasi. Anataka kukodi kiti kwenye saluni ya rafiki yake hapa Mwanjelwa, kiti kimoja na kioo chake, awe anasuka rasta na kubandika kucha. Rafiki huyo kampa mkataba wa kurasa tatu. Nikamuuliza, umeusoma?

Akacheka. "Bibi, yule ni bestie wangu. Nisome nini?"

Siku ile sikuonja chai.

Sasa turudi nyuma. Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa binti wa Iringa mjini, Miyomboni. Wazee wangu walitoka pwani na biashara ya vitambaa, mimi nikazaliwa hukohuko kwenye baridi. Walipofariki tukabaki kwenye nyumba mimi na kaka yangu Athumani. Yeye alishika duka, mimi nikapewa chumba cha mbele nisukie watu.

Hatukuita saluni. Watu walisema tu "naenda kwa Zuhura". Palikuwa na mikeka miwili, kioo kimoja chenye ufa, hina, wanja, na chupa ya mafuta ya nazi ambayo asubuhi ya Iringa unaikuta imeganda, mpaka uiweke karibu na jiko ndiyo uyapate.

Hapo ndipo alipokuja Roda.

Roda alikuwa Mhehe wa Igowole, Mlutheri, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike aitwaye Twilumba aliyemwacha kwa mama yake kijijini. Alinizidi miaka michache. Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka migodini kusini na kitana cha chuma, kile cha kupasha kwenye mkaa na kuchoma nywele zinyooke. Mjini pale sikujua mwingine mwenye nacho. Wake za makarani na walimu walikuwa wanakitafuta, ila Roda hakuwa na pa kukaa afanyie kazi.

Akaja na kikapu cha viazi na kuku mmoja, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, dada Zuhura. Mimi naomba kona tu, pale kwa dirisha. Nikipata kona, nitamleta Twilumba, asome hapa mjini."

Wakuu, shikeni hilo. Alichotaka Roda hakikuwa kona. Alitaka mtoto wake akae naye na aende shule.

Mimi nilikubali palepale, na kuku tukamla siku hiyohiyo. Kaka Athumani ndiye aliyesema haiwezekani mtu aingie nyumbani bila maandishi. Akaniambia niandike.

Mimi sikusoma shule ya serikali. Nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu. Roda alisoma misheni, akajua herufi hizi za Kizungu mnazotumia nyinyi. Kila mmoja wetu alikuwa msomi, ila karatasi ya mwenzake ilikuwa giza kwake. Tulikuwa tunataniana kwa hilo. Alikuwa akisema mimi naandika kinyumenyume, namwambia yeye ndiye aliyeanzia mwisho.

Basi nikaandika nakala mbili, yangu na yake. Roda atafungua madirisha asubuhi na kuwasha jiko. Ijumaa mchana hakuna kazi, Jumapili yeye haji. Mteja anayekaa kwenye mkeka wake ni wake. Mambo ya amani tu.

Kaka akasoma, akasema bado. Akanitajia mstari wa mwisho, nikauandika kwenye nakala zote mbili: nyumba ikihitaji ile kona, Roda atatoka ndani ya siku saba, na hatafanya kazi ya nywele katika mtaa ule.

Jioni Roda akaja. Akaigeuza karatasi, akatabasamu. "Haya maandishi ya msikitini mimi sijui. Wewe soma, dada, mimi nasikiliza."

Nikamsomea. Madirisha, jiko, Ijumaa, Jumapili, mikeka. Nilipofika mstari wa mwisho, ulimi ukagoma. Huyu ni mtu niliyekula kuku wake. Nitamtazamaje usoni nimwambie siku moja nitakufukuza? Niliona haya, wakuu. Nikajisemea mstari wenyewe hautatumika kamwe, ya nini kumtia simanzi bure.

Nikaikunja karatasi, nikasema, "Basi, ndiyo hayo."

Kaka alikuwa amekaa pale mlangoni. Alisikia. Aliinuka, akaenda zake dukani.

Roda akaandika jina lake kwa herufi zake, kubwakubwa, chini ya maandishi yangu. Nakala yake akaitia kwenye Biblia.

(Mjukuu hapa. Bibi ameomba maji. Tuendelee.)

Tulifanya kazi pamoja mvua mbili. Nawaambia ukweli, sijawahi kupata mwenzangu wa kazi kama yule. Mteja akitoka kwake nywele zimelala, anakuja kwangu kupaka hina. Mabibi harusi wa Kikristo na wa Kiislamu walikaa chumba kimoja wakichekana. Roda alikuwa na mdomo huo! Mteja akilalamika masikio yanaungua, anamwambia, "Vumilia, mama, mume atalipa fidia." Alikuwa ameshapata chumba cha kupanga na ameshamshonea Twilumba gauni la shule.

Halafu kaka akaoa pwani. Wifi akaja, fundi wa mapambo, akataka na yeye mahali pa kufanyia kazi. Chumba ni kilekile, mikeka haiwezi kuwa mitatu.

Asubuhi moja Roda anapuliza mkaa, kaka akaingia na nakala yangu mkononi. Akamsomea mstari wa mwisho. Ule mmoja tu. Siku saba, na si katika mtaa huu.

Roda aliinuka pale jikoni. Alinigeukia mimi, kitana bado kipo mkononi.

"Dada Zuhura, hiyo mstari ulinisomea?"

Wakuu, nafasi ilikuwa pale. Neno moja tu lilitosha. Lakini kaka yangu ananitazama, wifi mgeni yuko mlangoni, wateja wawili wameshakaa wanasikiliza. Nikasema,

"Nilikusomea."

Akanitazama kidogo. Halafu akatazama chini, akasema taratibu, "Labda nilisahau."

Hakungoja siku saba. Alifunga kitana chake kwenye kitambaa, akapanda lori la kuelekea Nyololo, na kutoka pale nasikia alikwenda kwa miguu mpaka Igowole. Gauni la shule alikwenda nalo. Twilumba hakuja mjini.

Nilisema nitamfuata nimwombe radhi. Mwezi ukapita, nikaona aibu zaidi. Nikaolewa, nikahamia Mbeya, nikazaa. Kila nikipita Nyololo kwa basi najiambia safari ijayo nitashuka. Sikushuka hata mara moja. Aibu ukiifuga inazaa, na mimi niliifuga miaka zaidi ya hamsini.

Miaka kama kumi na tano iliyopita, mchana, mwanamke mtu mzima akabisha hodi hapa kwangu Mwanjelwa. Ameulizia mji mzima mpaka akanipata. "Kamwene, mama. Mimi Twilumba. Mtoto wa Roda."

Nikamkaribisha kiti. Nilijua amekuja kunisema, na nilikuwa tayari kusemwa.

Akakaa, akakataa chai, akasema hivi:

"Mama ametutoka mwezi uliopita. Alinituma kwako nikuombe radhi."

Nikamuuliza, radhi ya nini?

"Alisema siku mlipokosana alikudhania vibaya. Alidhani kuna mstari hukumsomea. Amekaa nao moyoni. Baadaye akasema hapana, Zuhura hawezi kusema uongo mbele za watu, lazima mimi ndiye niliyesahau. Akasema nisipokuja kukuombea radhi hatapumzika."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ile nakala, imeanza kuchanika kwenye mikunjo, jina la Roda chini kwa herufi kubwakubwa. Akaomba nimsomee, maana kwao hakuna aliyewahi kujua inasema nini.

Nikavaa miwani. Nikasoma madirisha, jiko, Ijumaa, Jumapili, mikeka. Nikafika mstari wa mwisho.

Nikausoma. Wote. Halafu nikamwambia, "Huu sikumsomea mama yako. Aliponiuliza, nilisema uongo."

Twilumba hakunitukana, na bora angenitukana. Aliichukua karatasi, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha mkobani.

"Kwa hiyo mama hakusahau," akasema.

Akasimama, akaenda zake. Namba yake sina.

Wakuu, wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Siku ile ya kwanza ningemsomea Roda mstari ule, angenilaumu saa moja, labda angemkatalia kaka, labda angekubali hivyohivyo. Nilimkinga na maneno machungu nikamwachia mzigo wa kutoyaamini masikio yake mwenyewe, akazeeka nao, akafa nao.

Jana nimemwita mjukuu na huyo bestie wake wote wawili hapa sebuleni. Nimewasomesha mkataba kwa sauti, mstari kwa mstari, kila mmoja anashika kurasa. Kuna mahali yule binti alianza kuharakisha sauti. Nikamwambia, rudi hapo, mama, soma polepole. Walibishana mpaka magharibi, na kusaini bado hawajasaini, lakini wametoka wanaongea.

Nyinyi wenye saluni mnaopangisha viti, na nyinyi mnaovikodi, naomba kusikia: kuna mstari gani mliwahi kumruka mtu kwa kumwonea haya? Mkiandika, mjukuu atanisomea. Na nimemwonya, asiruke hata maoni ya wanaonisema.