Kiti Kilichoshonwa Vizuri Mno

Mke wa fundi makochi alianza kuitwa Pilipili akiwa darasa la tatu, siku alipombishia mwalimu mkuu mbele ya shule nzima, na hadi leo hakuna aliyeona sababu ya kumbadilishia jina. Ukimruka kwenye foleni ya zahanati, zahanati nzima itajua. Lakini asubuhi ile, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, hata yeye mwenyewe hakujua kwamba ana hasira nyingi kiasi kile.

"Mama, kiti hiki hakina lebo," alisema dada wa kaunta, akikigeuza kiti cha mtoto huku na huku. "Bila lebo ya kuruhusiwa ndani ya ndege, kinakwenda na mizigo. Mtoto utampakata."

Ampakate vipi? Mwanawe alikuwa na plasta ngumu kuanzia kiunoni hadi magotini, miguu imetanuliwa, haikunjiki. Kesho yake alitakiwa kupasuliwa nyonga katika jiji ambalo kwa basi ni kutwa nzima ya kurushwarushwa. Wakiikosa nafasi ile, daktari hana nyingine hadi mwakani, na mtoto angekua na mguu wa kuburuta.

"Mpakate wewe basi!" Pilipili alifoka. "Mkunje, nione!"

Nyuma yake bwana mmoja wa suti alisonya, akasema wenye watoto wagonjwa wangekaa kwao.

"Na wewe baba, ulizaliwa na hiyo suti?"

Pilipili akampigia simu mumewe, maana kiti kile kilikuwa kazi ya mikono yake. Alikinunua kikuukuu, akachimba sponji ili plasta ipate pa kukaa, kisha akakivika kitambaa kizito cha kochi juu hadi chini. Mtaa mzima ulikuja kukitazama. Fundi yule haachi kitu uchi. Hata stuli anayokalia karakanani ameivisha.

"Lebo iko wapi?"

"Ile ya njano? Niliibandua. Ilikuwa inaharibu kazi."

"Inaharibu kazi! Umemkatia mwanao safari kwa ajili ya urembo!" Akakata simu kabla hajajibiwa. Laiti angekuwa karibu, angemvika lebo hiyo usoni.

Msimamizi akaja, mama wa makamo mwenye macho ya uchovu, akakiinamia kiti. "Viti hivi huwa na maandishi mengine ya ruhusa, yamepigwa kwenye plastiki yenyewe, huku chini. Ila huku kote kumeshonwa."

"Nipeni kitu chenye makali."

Dada wa kaunta akamletea kisu kidogo cha kukatia utepe wa mizigo. Pilipili akamkabidhi msimamizi mtoto, plasta na yote, akapiga magoti sakafuni. Mumewe hushona kwa uzi wa viatu, mshono juu ya mshono. Kisu kikagoma. Akauvuta kwa meno. Akamlaani mume, akamlaani mama mkwe aliyemfundisha mume usafi, akaulaani na uzi wenyewe. Mwishowe kitambaa kikachanika, sponji ikachomoza, na maandishi yakaonekana.

Msimamizi aliyasoma polepole, kidole juu ya plastiki. "Pita, mama."

Ndani ya ndege, mtoto alipokwisha kufungwa mikanda kitini, simu ikaita. Pilipili alikuwa na maneno yake tayari, makali yote.

"Wamekubali?" mumewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekichana kiti chako. Nimekichana mbele za watu!"

"Pale nilipomchimbia miguu, umepagusa?"

"Sijapagusa."

"Basi hataumia," alisema, akashusha pumzi.

Pilipili alifungua kinywa amshushie yale maneno, badala yake akalia kwa sauti mbele ya abiria wote, na bwana wa suti, aliyekaa kiti cha jirani, hakuthubutu kusonya.