Nyumba Yao kwa Nje, Yetu kwa Ndani

Saa mbili asubuhi, Utemini mjini Singida, Scola Naftali anaibomoa nyumba ya mama yake kwa kidole. Anabofya ukuta wa mashariki, unatoweka. Anabofya paa la udongo, nalo linakwenda. Kwenye kioo cha kompyuta kinabaki kisanduku kitupu.

"Hiki ndicho wanachokitaka," anasema. "Hewa."

Scola, mchora ramani wa miaka thelathini na sita, ana mkataba na kampuni inayotaka kuchimba dhahabu karibu na Sekenke, wilayani Iramba. Kaya zilizo kwenye eneo hilo zitahamishwa, kila moja ikiahidiwa nyumba mpya yenye ujazo sawa na ya zamani. Kazi yake ni kuzichora nyumba hizo kwenye programu na kutoa ujazo.

Ahadi tamu. Sasa sikia uchungu wake.

Tembe la mama yake, Leah, lina kuta za udongo nene kama urefu wa mkono hadi kiwiko, na paa bapa linaloanikiwa mtama. Ukilipima kwa nje, kuta na paa vikiwemo, programu inatoa mita za ujazo 144. Ukilipima kwa ndani, 88. Mkubwa wake, mhandisi Gerald, ameagiza kwa ndani.

Na nyumba mpya? Hiyo inapimwa kwa nje, mpaka ncha ya bati, zitimie hizo hizo 88!

"Nilimwuliza, 'Bosi, mbona rula moja ina nyuso mbili?'" anasimulia Scola. "Akacheka. 'Dada Scola, udongo si nyumba. Udongo ni udongo.'"

Kumbe. Udongo ukiwa na dhahabu ni mali. Ukimkinga mama na baridi ya Iramba, si kitu.

Watu wa huku hawakuzaliwa jana. Wachimbaji wamekuja, wameondoka, yamebaki mashimo. Leah mwenyewe alipandishwa lori mwaka sabini na nne, akiwa binti mdogo, kupelekwa kijiji kipya walikoahidiwa maji. "Hayo maji nayasubiri mpaka leo," anasema.

Jumamosi iliyopita Scola alikwenda kijijini kumwonyesha mchoro wa nyumba mpya kwenye simu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki nini, choo?"

"Ni nyumba yako, mama."

Leah akageukia kihenge chake cha mtama, kilichosukwa humo humo ndani hata kikakaribia dari. "Hiki hakijawahi kupita mlangoni. Huko nitasuka kingine wapi?"

"Ukisuka kama hiki, mama, kitalala peke yake, wewe nafasi hutapata."

"Na mchoraji ni wewe?"

Scola akaizima simu.

Kazi hiyo inampa laki nne kwa mwezi, na ndiyo inayosomesha wanawe wawili. Gerald ameshamwonya: akizitoa hesabu nje, mkataba umekwisha.

Jumanne kuna mkutano wa kijiji, watu watie saini kukubali kuhama. Scola ameamua kwenda. Karatasi hatabeba, karatasi wamezichoka. Atabeba ndoo ya majivu.

"Nitaichora nyumba yao chini, mbele ya wote, kwa vipimo vyake halisi," anasema huku akizirudisha kuta za tembe moja moja kwenye kioo. "Ndani yake nitachora kihenge cha mama. Halafu nitamkaribisha Gerald aingie, atuonyeshe mama atalala wapi."