Ulimi Usiogusa Popote

Watu wa Rumonge walimwita Papa Eliana, yaani baba yake Eliana, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona huyo Eliana. Jina lake mwenyewe ni Melkiades, mkamuaji wa mawese, mtu wa maneno machache, ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja huinamisha macho. Shule aliishia ya msingi, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko huko kambini mkewe alifariki, akamwachia binti wa miaka minne mwenye kifua kibovu. Élysée, kaka yake, alipochaguliwa kwenda Amerika na familia yake, Melkiades alimwandikisha mtoto kama wa kaka. Alidhani zamu yake nayo itafika. Haikufika. Yeye alirudishwa Burundi, binti akakulia Amerika.

Walikuwa wakipigiana simu Jumapili. Kirundi kilimtoka mtoto mapema, Kiswahili kikafuata, akabaki na Kiingereza. Kwa hiyo Élysée ndiye aliyesimama katikati, akipokea huku na kupeleka kule. Melkiades mwenyewe alijua salamu mbili tatu za Kiingereza. Akizisema, binti hucheka, na kicheko hicho baba hukaa nacho wiki nzima. Lakini kuna neno moja ambalo hakuwahi kulipitisha kwa kaka yake: kwamba hakumtupa mtoto. Angelipitishaje? Wa kulipeleka ndiye huyo huyo aliyemlea.

Mwaka juzi Élysée akafariki. Jumapili zikawa nzito. Baba anasema kidogo, binti anauliza "unasemaje?", baba anarudia, binti hashiki kitu, wanaagana kwa adabu.

Ndipo Melkiades alipojiunga na darasa la jioni la Mwalimu Hyacinthe, kijana aliyesomea Kampala, anayefundisha Kiingereza nyuma ya soko.

"Muzee, hakuelewi kwa sababu ya r," Hyacinthe alimwambia baada ya kumsikiliza. "Sisi r tunaigonga. Ulimi unapiga juu, unarudi. Watu wa Skotilandi nao wanagonga hivyo hivyo. Ungekuwa na mutoto kule, mungekuwa munaongea bila taabu. Watu wa London, r ikiwa mwisho wa neno wanaimeza, unabaki kusikia sauti imevutwa tu. Wamarekani hawaimezi na hawaigongi. Wanakunja ulimi kwa nyuma, unabaki unaelea. Haugusi popote."

"Haugusi kabisa?"

"Kabisa."

Nadia, muuza vitenge aliyekaa mbele, akageuka. "Papa Eliana, ulimi wako umezoea bugali. Utauning'inizaje hewani?"

Darasa likacheka. Naye akacheka, akitazama vidole vyake.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba Kiingereza kimeweka r mkiani mwa majina ya karibu ndugu wote. Baba ana r, mama ana r, kaka, dada, hata binti. Maneno yale yale aliyoyahitaji. Akawa anayasema mtamboni, akizunguka na mti mrefu unaosukumwa kukamua mawese, ulimi ameukunja mpaka mate yakamchuruzika kidevuni. Jioni alisikiliza sauti za Wamarekani kwenye simu ya mwalimu, akawafuata neno kwa neno. Alianza hata kupunguza sauti, kwa maana wao walionekana kusemea kifuani. Miezi ikapita. Siku moja Hyacinthe alifumba macho akimsikiliza, kisha akafumbua.

"Nikikusikia bila kukuona, ningeapa iko Mumarekani anauza magari."

Jumapili hiyo wakakaa uani kwa mwalimu, wakapiga kwa simu yake, kwa kuwa ya Melkiades ilikuwa inakatakata sauti. Maneno yote aliyotaka kumwambia binti alikuwa ameyashika kichwani.

"Nani?" binti aliuliza, maana namba haijui.

Melkiades akamwamkia taratibu, akasema anapiga kutoka Rumonge. Kabla hajaongeza neno, binti akashusha pumzi.

"Wewe ni mkalimani? Afadhali. Kumbe amepata mtu. Yupo hapo karibu yako?"

Kusema "ni mimi" hakuhitaji hata r. Lakini haya ilimshika kama inavyomshika akisalimiwa njiani, na ndani ya haya hiyo akaona upenyo. Kama mkalimani angeweza kusema.

"Yupo," alisema. "Anataka ujue kwamba hakukutupa. Mama yako alikuwa amefariki, na wewe kifua kilikuwa kinakusumbua. Alidhani atakufuata."

Kila r ilielea mahali pake.

"Najua," binti alisema. "Baba mkubwa alinieleza tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akimsifia sana."

Melkiades akashika magoti yake. Hilo hakulitegemea kwa kaka yake.

"Mwambie sina hasira," binti aliendelea. "Lakini niliyekuwa nikimwita baba nimeshamzika. Jumapili nilikuwa napokea kwa sababu yule aliniomba nisiache. Nikimsikia huyu anavyohangaika na maneno, nashindwa kumwambia. Nimechoka. Naomba tupumzike na hizi simu. Wewe utajua namna ya kumwambia kwa lugha yake, polepole."

"Nitamwambia."

"Yukoje?"

Alijitazama. "Amezeeka kidogo. Mikono yake ina mafuta."

"Usimuumize."

"Simuumizi," alisema Melkiades, na simu ikakatwa.

Hyacinthe, aliyekuwa amejitenga mlangoni ili baba na binti waongee, akaja mbio. "Amekuelewa?"

"Yote."

"Ah, muzee!" Akampiga begani. "Na wiki ijayo?"

Melkiades akapangusa kioo cha simu kwa pindo la shati, maana kilikuwa na alama za mawese, akamrudishia.

"Murakoze, mwalimu," alimshukuru kwa Kirundi. "Ile namba yake, uifute."