Kokoto Zilipokunywa Maji ya Ndiva

Nikifumba macho nayasikia yale maji. Yanashuka kwenye mfereji polepole, kama mtu anayeongea peke yake, yanaingia kwenye ndiva, lile bwawa dogo walilolichimba babu zetu juu ya mashamba. Yanalala humo. Asubuhi tunazibua, yanateremkia maharage yetu, na ukungu umejaa bondeni mzito kama maziwa mgando. Ndiyo Lushoto ya ujana wangu, nusu naikumbuka, nusu naiota.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati kwa mikono yetu wenyewe, na kokoto zilikuwepo kwenye ukingo wa juu wa mfereji, ila zimeshikana na udongo mwekundu. Wanaume walizichimba, wakaziosha kwa maji ya mfereji uleule kabla hayajafika kwenye ndiva. Msimamizi wao alikuwa mume wangu. Zahanati niliitaka, nani hakuitaka? Lakini maharage yangu yalikuwa yanapukutisha maua kwa kiu, na wanangu hawali kokoto.

Nilisema nyumbani mpaka nikachoka. Mume wangu akasema kokoto zinalowa tu, hazinywi. Mwishowe kijiji kikaomba mtaalamu kutoka Mombo, aje akadirie maji yanayoishia kule juu. Tulimwita Bwana Maji.

Alikuja mtu mzima, mpole, viatu vimejaa tope. Akatuambia siku hiyo tusizibue. Akasimika fimbo ndani ya ndiva, akaitia alama maji yalipofikia, atazame jioni. Hesabu nzuri. Ila kwetu mgeni akija, kazi inawekwa chini. Wanaume wote wakaacha kuosha, wakaja kuketi naye, wakampa habari za vijiji vyote, kuanzia Mgwashi mpaka Rangwi, wakamchekesha. Maji nayo hayakuwa na wa kuyagusa, yakashuka yote. Nilipoleta chakula cha jioni alama ilikuwa imezama kabisa, na Bwana Maji anasema kokoto hazinywi kitu.

Nikapiga goti, nikamwekea ugali na maharage.

"Shikamoo, Bwana Maji."

"Marahaba, mama. Maharage matamu haya."

"Ni ya mwaka jana, baba. Ya mwaka huu yanakufa pale chini. Leo umepima wanaume waliokaa. Wapime wakiwa kazini."

Mume wangu akatazama vidole vya miguu yake. Bwana Maji akala akamaliza, akanawa, akasema basi atalala.

Kesho yake, ndiva bado imezibwa, aliitia fimbo alama mpya, akakaa peke yake juu ya jiwe, ukungu umemfunika mpaka mabegani, kama mgeni aliyechukiwa. Huruma ilinishika, lakini sikumsogelea. Kule juu kokoto zilikuwa zinaoshwa, zinalia kama mvua ya mbali. Jioni ndiva haikuwa imepanda hata kidogo. Maji yalikuwa palepale kwenye alama ya asubuhi, na mume wangu aliyaona kwa macho yake. Ikaamuliwa lichimbwe shimo, maji machafu yatulie humo, yatumike kuoshea tena na tena, mfereji uongezee kidogo tu.

Njiani mume wangu akasema, "Umeniaibisha mbele ya mgeni."

"Nimekuaibisha umeshiba," nikamjibu.

Jembe la kwanza kwenye lile shimo lilikuwa lake.

Wajukuu zangu wamezaliwa kwenye zahanati ile, wote wanene. Na asubuhi ile maji yaliporudi shambani, shimo likiwa limekwisha, nilivua viatu nikasimama katikati ya matuta, yakanipita miguuni yakiwa ya baridi, yakielekea kwenye maharage.